Potenshali ya Elektrodi na Seli za Elektrokemia: Maelezo kwa Kiswahili kwa Wanafunzi wa Kemia wa Beni na Butembo

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kemia anayeishi katika komini ya Mulekera, mjini Beni, huzijua seli za elektrokemia tangu utotoni, kabla hajafundishwa jina lake. Tochi ya nyumbani huwashwa kwa mawe. Redio husikika kwa mawe hayo hayo. Simu huchajiwa katika kibanda cha jirani chenye kibao cha jua na betri ya gari. Juu ya kichwa chake lipo paa la mabati lililokingwa na kutu kwa tabaka jembamba la zinki. Hata hivyo, afikapo katika somo la potenshali za elektrodi, mwanafunzi huyo hukutana na jedwali la tarakimu lililoandikwa kwa Kifaransa, lenye alama za kujumlisha na za kutoa, naye hulikariri kama mtu anayekariri tarehe za kale. Katika mtihani hupata jibu sahihi pale tu swali linapofanana na mfano alioandikiwa ubaoni. Swali likigeuzwa kidogo, hupotea.

Ikumbukwe kwamba Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kitshiluba, ilhali Kifaransa ndicho lugha rasmi. Katika shule za sekondari na vyuo vikuu, masomo ya sayansi hutolewa kwa Kifaransa. Makala haya hayakusudii kupinga utaratibu huo. Yanakusudia kuonyesha jambo moja: kwamba makosa mengi ya wanafunzi katika mada hii hayatokani na ugumu wa hesabu, bali hutokana na majina yaliyofahamika vibaya, na kwamba maelezo ya Kiswahili, yakifanywa kwa uangalifu, huweza kuyaondoa makosa hayo kwa kuwa humlazimu mwalimu aseme kinachotendeka badala ya kutaja istilahi na kupita.

2.0 Kinachotendeka ndani ya seli

2.1 Seli ya Daniell

Mwaka 1800 Alessandro Volta alitangaza kwamba alipata umeme wa kudumu kwa kupanga visahani vya metali mbili tofauti, kimoja juu ya kingine, na kuvitenganisha kwa vipande vilivyoloweshwa maji ya chumvi. Kwa kuwa chombo hicho kilikuwa rundo la visahani, Wafaransa walikiita rundo, yaani pile, na jina hilo limebaki hadi leo hata kwa seli moja isiyo na rundo lolote. Mswahili, kwa upande wake, alipopokea kitu kigumu kizito cha kutiwa ndani ya tochi, alikiita jiwe. Majina yote mawili yanaeleza umbo la nje. Hakuna hata moja linaloeleza kazi ya ndani.

Kazi ya ndani huonekana vizuri zaidi katika seli iliyotengenezwa na John Frederic Daniell mwaka 1836. Katika umbo linalofundishwa shuleni, seli hii ina vyombo viwili. Katika chombo cha kwanza, kipande cha zinki husimamishwa ndani ya mmumunyo wa salfeti ya zinki. Katika chombo cha pili, kipande cha shaba husimamishwa ndani ya mmumunyo wa salfeti ya shaba, wenye rangi ya buluu. Metali hizo mbili huunganishwa kwa waya nje, na mimumunyo huunganishwa kwa daraja la chumvi, ambalo laweza kuwa hata karatasi iliyoloweshwa mmumunyo wa nitrati ya potasiamu.

Zinki hutoa elektroni mbili kwa kila atomu, ikawa ioni na kuingia katika maji. Elektroni hizo hupita katika waya hadi kwenye shaba. Hapo ioni za shaba zilizomo majini huzipokea, zikawa shaba ngumu inayojibandika juu ya kipande. Baada ya muda, kipande cha zinki hupungua uzito, cha shaba huongezeka, na buluu ya mmumunyo hufifia. Daraja la chumvi halipitishi elektroni. Kazi yake ni kupitisha ioni, ili chombo cha kwanza kisijae chaji chanya na cha pili kisijae chaji hasi. Daraja likiondolewa, mkondo husimama mara moja.

2.2 Kutoa na kurejesha

Kwa Kifaransa, tendo la kupokea elektroni huitwa réduction. Hapa ndipo mwanafunzi hujikwaa kwa mara ya kwanza, kwa sababu neno hilo katika matumizi ya kila siku humaanisha upunguzaji. Hujiuliza: inakuwaje ioni iongezewe elektroni kisha isemwe imepunguzwa? Jibu limo katika historia ya neno. Asili yake ni kitenzi cha Kilatini reducere, yaani kurudisha. Wafua metali wa zamani walilitumia kwa kazi ya kurudisha udongo wa madini uwe metali. Kazi hiyo haikuwa ngeni katika Kongo: mafundi wa Katanga, wakiwemo Wasanga na Wayeke, waliyeyusha malakiti kwa makaa na kupata shaba, ambayo ilitengenezwa misalaba iliyotumika katika biashara. Malakiti ilirejeshwa kuwa shaba. Kwa hiyo, tafsiri inayolingana na maana ya asili ni urejeshaji, wala si upunguzaji. Tendo la kinyume, uoksidishaji, ni kutoa elektroni.

Mwanafunzi akishika vitenzi viwili tu, kutoa na kupokea, ataweza kufuata seli yoyote. Hakuna atoaye pasipo apokeaye. Ndiyo maana elektrodi moja peke yake haiwezi kuwasha taa.

3.0 Potenshali ni tofauti, si mali ya kitu kimoja

Baadhi ya walimu hutafsiri potenshali kwa neno uwezo. Tafsiri hiyo haikosi mantiki, lakini ina hatari. Mtu husema uwezo wa fundi, uwezo wa injini. Yaani uwezo ni kitu alichonacho mwenyewe, awe peke yake au awe na wenzake. Potenshali ya elektrodi haiko hivyo. Hakuna chombo kinachoweza kupima potenshali ya elektrodi moja. Kila kipimo huhitaji elektrodi mbili, na kinachosomwa ni tofauti kati yake.

Neno linalosaidia zaidi katika kueleza ni mwinuko. Ramani huandika kwamba kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori kina mwinuko wa meta 5109. Tarakimu hiyo haisemi habari za kilele peke yake. Husema tofauti kati ya kilele na usawa wa bahari. Mtu akitazamaye kilele hicho kutoka Mulekera amekwisha kusimama juu ya meta elfu moja, na njia ya kupanda iliyobaki kwake si meta 5109. Lau wapima ramani wangelichagua Ziwa Edward liwe sifuri badala ya bahari, tarakimu zote zingelibadilika, lakini tofauti ya mwinuko kati ya Butembo na Beni isingelibadilika hata kwa meta moja.

Katika elektrokemia, usawa wa bahari ni elektrodi ya hidrojeni: gesi ya hidrojeni yenye kanieneo ya bari 1, ikipita juu ya platini katika mmumunyo wenye ioni za hidrojeni kwa kiasi cha moli 1 kwa lita. Wanakemia wamekubaliana kwamba potenshali yake ihesabiwe kuwa sifuri. Ni makubaliano, wala si ugunduzi. Baada ya makubaliano hayo, elektrodi nyingine zote zimepimwa kwa kulinganishwa nayo. Kwa joto la sentigredi 25, baadhi ya potenshali sanifu, kwa volti, ni hizi:

Lithiamu: −3.04
Zinki: −0.76
Chuma: −0.44
Bati: −0.14
Risasi: −0.13
Hidrojeni: 0.00
Shaba: +0.34
Fedha: +0.80

Alama ya kutoa mbele ya tarakimu ya zinki haimaanishi upungufu wowote. Humaanisha kwamba zinki ikikutanishwa na hidrojeni, zinki ndiyo itakayotoa elektroni. Aliye juu katika orodha hii hutoa. Aliye chini hupokea. Nguvu ya seli ya Daniell hupatikana kwa kutoa potenshali ya mtoaji katika potenshali ya mpokeaji: 0.34 − (−0.76) = volti 1.10.

Mfano wa mwinuko huondoa pia kosa lingine lililoenea. Katika seli ya shaba na fedha, atomu moja ya shaba hutoa elektroni mbili, ambazo hupokewa na ioni mbili za fedha. Wanafunzi wengi huzidisha 0.80 mara mbili kwa kuwa ioni za fedha ni mbili. Jibu sahihi ni 0.80 − 0.34 = volti 0.46. Watu wawili wakiteremka mlima mmoja, mlima hauwi mrefu maradufu. Idadi ya elektroni hubadilisha kiasi cha kazi inayofanyika, wala haibadilishi tofauti ya potenshali.

Lakini mfano huu una mpaka wake, na ni wajibu wa mwalimu kuutaja. Maji huteremka kutoka juu kwenda chini, na mkondo wa umeme, kwa desturi ya wanafizikia, husemwa kwamba huteremka katika waya kutoka potenshali kubwa ya shaba kwenda potenshali ndogo ya zinki. Elektroni, kwa kuwa zina chaji hasi, huenda kinyume cha mkondo huo.

4.0 Anodi na kathodi: majina yasiyotaja alama

Kosa lililo gumu kuliko yote kung'oa ni lile la kufasili anodi kuwa ncha chanya na kathodi kuwa ncha hasi. Katika seli ya Daniell, anodi ni zinki, nayo ni ncha hasi. Mwanafunzi aliyekariri fasili hiyo huandika kinyume cha ukweli.

Istilahi hizi zilianza kutumika mwaka 1834. Michael Faraday, alipohitaji majina mapya, aliomba msaada wa William Whewell wa Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akayaunda kutokana na Kigiriki: anodos ni njia ya kupanda, na kathodos ni njia ya kushuka. Faraday aliuwazia mkondo wa umeme ukifuata mwendo wa jua. Anodi ikawa upande wa mawio, mahali mkondo unapoingia. Kathodi ikawa upande wa machweo, mahali unapotokea. Wakati huo elektroni haikuwa imegunduliwa. Iligunduliwa na J. J. Thomson mwaka 1897. Inaonekana wazi basi kwamba majina haya hayakuundwa kutokana na alama ya kujumlisha au ya kutoa. Yaliundwa kutokana na mwelekeo. Kwa lugha ya leo: anodi ni mahali elektroni zinapotolewa na kemikali, kathodi ni mahali zinapopokewa.

Betri ya gari iliyomo katika kibanda cha kuchajia simu huthibitisha jambo hili. Betri hiyo ni seli sita zilizounganishwa mfululizo, kila moja ikiwa na takriban volti 2, kwa jumla volti 12. Usiku, inapowasha taa, ncha yenye alama ya kujumlisha hupokea elektroni. Hiyo ni kathodi. Mchana, kibao cha jua kinapoichaji, tendo hugeuzwa: ncha ile ile, yenye alama ile ile, hutoa elektroni, sasa ni anodi. Alama iliyochapwa juu ya betri haikubadilika. Kilichobadilika ni kazi, na jina hufuata kazi.

Viwanda vya Katanga hutoa ushahidi mwingine. Huko Shituru, mjini Likasi, na Luilu, karibu na Kolwezi, shaba ilitolewa katika mimumunyo ya salfeti kwa nguvu ya umeme wa nje katika karne ya 20. Katika madimbwi hayo anodi ilikuwa ncha chanya, na juu yake maji yalitoa elektroni na kuacha gesi ya oksijeni. Kwenye kathodi ioni za shaba zilipokea elektroni. Chuma na zinki vikiwemo katika mmumunyo huo huo, ioni zake hubaki majini, kwa kuwa shaba, yenye +0.34, hupokea kabla yake. Jedwali ambalo mwanafunzi hulikariri ndilo lililoamua metali ipi ibandike na ipi ibaki.

5.0 Kwa nini mawe hufa

Husemwa kwamba mawe yamekwisha, kana kwamba umeme ulikuwa umejazwa ndani kama mafuta katika chupa. Kwa kweli ndani ya jiwe hakuna akiba ya umeme. Mna kemikali zenye kutaka kutoa na zenye kutaka kupokea. Kadiri tendo linavyoendelea, tofauti ya potenshali hupungua. Walther Nernst alieleza upungufu huo mwaka 1889 kwa mlinganyo ambao, kwa joto la sentigredi 25, huandikwa hivi:

E = E° − (0.059 ÷ n) × log Q

Herufi n ni idadi ya elektroni zinazohamishwa. Katika seli ya Daniell, Q ni mkusanyiko wa ioni za zinki ukigawanywa kwa mkusanyiko wa ioni za shaba. Ioni za zinki zikiwa moli 1 kwa lita, na za shaba zikiwa zimebaki moli 0.01, Q ni 100, log yake ni 2, na nguvu ya seli ni 1.10 − 0.059, yaani takriban volti 1.04. Mwanafunzi atashangaa kuona upungufu ni mdogo hivyo. Seli hushikilia nguvu yake kwa muda mrefu, kisha huanguka karibu na mwisho, pale wapokeaji wanapokaribia kutoweka. Tofauti ikifika sifuri, seli imefika katika msawazo, nayo imekufa.

Jiwe la tochi la kawaida lina asili yake katika seli ya Georges Leclanché ya mwaka 1866. Kopo lake la zinki ndilo mtoaji. Kijiti cha kaboni kilicho katikati si mpokeaji, ingawa vitabu vingi vya wanafunzi huchorwa kana kwamba ndicho. Hupitisha tu elektroni hadi kwenye dioksidi ya manganizi iliyokizunguka. Kuanika mawe juani huyaamsha kwa muda mfupi, kwa sababu joto huharakisha mwendo wa ioni, lakini hakurudishi zinki iliyokwisha kuliwa. Kuyaweka motoni ni hatari, kwani huweza kupasuka. Vivyo hivyo, betri ya gari inapochajiwa kupita kiasi hutoa hidrojeni na oksijeni, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Asiwashe mtu kiberiti wala sigara mahali hapo, na chumba kiachwe wazi kipitishe hewa.

6.0 Majaribio mawili yasiyohitaji maabara

6.1 Limau

Shule nyingi hazina maabara, lakini limau hupatikana. Msumari wa mabati uliopakwa zinki na kipande cha waya wa shaba vikichomekwa katika limau, kipimo husoma takriban volti 0.9. Wanafunzi hutazamia 1.10 na hulaumu kipimo. Kosa halipo katika kipimo. Ndani ya limau hamna mmumunyo wa ioni za shaba, kwa hiyo shaba hapa si mshiriki wa tendo la kupokea. Wapokeaji ni hasa ioni za hidrojeni za asidi, zikisaidiwa na oksijeni ya hewa. Shaba hupitisha tu elektroni. Somo lenyewe ni kwamba jedwali halisomwi kwa kutazama metali zilizochomekwa, bali kwa kuuliza: nani anatoa, na nani anapokea?

6.2 Bati na mabati

Kiswahili kina mtego wake hapa. Bati ni jina la metali yenye potenshali ya −0.14. Mabati ya kuezekea, hata hivyo, ni chuma kilichopakwa zinki. Tofauti hii ina uzito. Zinki, yenye −0.76, hutoa elektroni kabla ya chuma chenye −0.44, hivyo bati la paa likikwaruzwa, zinki iliyo kando ya mkwaruzo huendelea kuliwa kwa niaba ya chuma, na chuma husalimika kwa muda mrefu. Kopo la chakula lililopakwa bati hasa, yaani metali ya bati, huwa kinyume chake: likikwaruzwa na kupata unyevu, chuma ndicho mtoaji, nacho hushika kutu upesi kuliko kama kisingepakwa kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo, waya wa shaba usifungwe juu ya paa la mabati. Mvua ikinyesha, shaba, zinki na maji huwa seli. Zinki huliwa haraka mahali pale, na baada yake huliwa chuma. Tundu linalovujisha maji kitandani limeanza kwa tofauti ya potenshali.

7.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba istilahi za kutoholewa kama potenshali, anodi na kathodi zaweza kubakizwa, kwa kuwa humwezesha mwanafunzi kuvuka kwa urahisi kati ya Kiswahili na Kifaransa cha mtihani. Lakini istilahi iliyotoholewa ni lebo tu. Maana yake hupatikana katika vitenzi vya lugha anayoifahamu mwanafunzi: kutoa, kupokea, kurejesha. Pale tafsiri ya haraka ilipotumika, kama vile uwezo kwa potenshali, upunguzaji kwa urejeshaji, na ncha chanya kwa anodi, lugha yenyewe ilizalisha kosa ambalo baadaye husemwa ni udhaifu wa mwanafunzi katika kemia.

Mwalimu wa kemia na mwalimu wa Kiswahili, katika chuo kimoja au katika sekondari moja ya Mulekera, wana kazi ya kufanya pamoja. Kabla ya kumpa mwanafunzi jedwali, na waketi naye mbele ya limau moja, msumari mmoja na waya mmoja, wamwulize kwa lugha ya nyumbani kwake: hapa, nani anatoa na nani anapokea? Akijibu hilo, tarakimu zitakuwa na mahali pa kusimama.